Nafasi ya Houda

Mtaani Buyenzi, nchini Burundi, hakuna bibi harusi anayetoka kwao kimyakimya. Hutolewa kwa majina. Mwimbaji husimama mlangoni, akina mama wa matari nyuma yake, akawaita watu wa nyumba ile mmoja mmoja, kuanzia mzee hadi kitinda mimba. Anayeitwa ni lazima aitike "Niko!", na haiishii hapo: ni lazima aongeze lawama ndogo dhidi ya mwimbaji. "Niko, na ungo yangu haujarudisha!" Mwimbaji hukiri palepale mbele ya watu, watu wakavunjika mbavu, matari yakaendelea. Aliye safarini hujibiwa na nduguze, "Iko njiani!" Aliyekufa hujibiwa na wote kwa sauti moja, "Mungu amurehemu!" Jina haliachwi hewani. La mwisho huwa jina la mwimbaji mwenyewe, na hilo hajiiti. Huitwa na dada yake mkubwa.

Asiya aliijua kazi hii tangu utotoni. Siku za wiki alishona kwa cherehani barazani kwa bibi yake, Bibi Mwanne, na Jumamosi aliimba. Kwa nini alianza kushona akiwa na miaka kumi na mitatu, tena kwa bidii iliyomshangaza mama yake, hakuwahi kumwambia mtu. Sauti yake haikuwa tamu ya kurembwarembwa. Ilikuwa na mchanga kidogo, na ilifika mtaa wa pili bila kipaza sauti.

Vita vilipopamba moto, harusi zikaanza kufanyika saa sita mchana ili watu wawahi nyumbani kabla ya couvre-feu, saa ya amri ya kutotoka nje. Ndipo Ilias, fundi redio aliyekuwa na chumba kimoja, mashine moja ya kurekodi na magodoro manne yaliyopigiliwa ukutani, akamjia na wazo. Ilikuwa mwaka 1999.

"Asiya, siku hizi watu wanaoana mbiombio, wengine awana hata mwimbaji. Tufanye kaseti, sha. Mutu aweke kwake, acheze."

"Na jina niite ya nani? Kila nyumba ina watu yake."

"Ita ya kwenu. Watu wanataka ngoma, awatauliza."

Basi akaita za kwao. Akina mama saba walibanana kuizunguka mikrofoni moja, Bibi Mwanne kakalishwa kwenye kigoda maana hakuna aliyethubutu kumwacha. Jina lake likaitwa la kwanza. "Niko," akajibu kizee yule kwa ukali, "na chai yako aina sukari!" Likaja la mama yake Asiya, marehemu, na wote wakajibu, "Mungu amurehemu!" Likaja la mjomba Twalibu, dereva wa lori aliyekuwa Kigoma. "Iko njiani!" Ngoma ilikuwa imekolea, Asiya amefumba macho, na ulimi ukaenda ulikozoea kwenda.

"Houda!"

Hakuna aliyejibu.

Houda alikuwa dada yake mkubwa, tumbo moja. Aliolewa Kinama na fundi wa magari. Kinama ilipopigwa mwaka 1995, mumewe aliuawa siku ileile, naye akakimbilia Uvira na umati, na leso moja. Barua mbili zilifika kutoka kambi ya wakimbizi huko. Kisha mwisho wa 1996 vita vya Zaire vikaisambaratisha kambi, watu wakatawanyika maporini, na barua ya tatu haikuja. Sasa akina mama wale, waliokuwa na jibu la kila jina tangu enzi za mama zao, walibaki midomo wazi. Kujibu "Iko njiani" kungekuwa kudanganya, maana nani alijua yuko njia gani? Kujibu "Mungu amurehemu" kungekuwa kumzika kwa mdomo. Mikono peke yake ndiyo iliyoendelea. Matari yakapiga mapigo manane matupu, bila sauti ya mtu. Asiya akarudia kiitikio, na wimbo ukaisha bila jina la mwimbaji kuitwa, kwa kuwa aliyepaswa kuliita ndiye aliyekuwa akitafutwa.

Ilias alivua vifaa vya masikioni. "Tuanze upya. Iko tundu katikati."

"Uache."

"Asiya, watu watasema mashine yangu ni mubovu."

"Waseme. Pale njo nafasi ya Houda." Na kwa bahati umeme ukakatika, ukakaa siku tatu, hivyo mjadala ukafa wenyewe.

Kaseti zikaanza kutoka, zikiitwa *Houda, Itika*. Ilias alinakili ishirini, akina mama wakanakili hamsini, na madereva wa malori hawakuomba ruhusa ya mtu. Uvira ikaingia, Kigoma ikaingia, Goma na Kigali zikafuata. Huko Uvira, kwenye harusi moja, kijana mchangamfu alipolisikia lile tundu alishindwa kujizuia, akaruka katikati ya uwanja na kupayuka, "Niko, na baiskeli yangu ulivunja!" Umati ukalipuka. Tangu siku hiyo ikawa ndiyo desturi: ukifika pale, unajijibia, unatoa lawama yako kwa mpenzi, kwa mwenye nyumba, kwa serikali, na mapigo manane yanakutosha kabisa.

Méthode aliusikia ndani ya taksi. Huyu alikuwa mtoto wa Kinanira, anayefanya kazi na kampuni ya muziki Brussels, na alikuja nyumbani kumzika mama yake. Alimwambia dereva asimame, akasikiliza mara tatu, kesho yake akawa barazani kwa Bibi Mwanne na mkataba mkononi na jasho usoni. Alikuwa na sharti dogo tu.

"Dada Asiya, kule Ulaya redio ikinyamaza mutu anafikiri imekufa. Tuweke guitare pale. Kidogo tu."

"Apana."

"Basi kinanda. Ata aitasikika vizuri."

"Méthode, ukijaza pale, Houda atajibia wapi?"

Alimtazama mwanamke huyu mwenye sindano tatu kifuani na tepu ya kupimia shingoni, anayemkatalia Ulaya nzima bila kuacha kukanyaga cherehani. Akafuta jasho. Mkataba ukasainiwa, na nafasi ikaachwa.

Mwenye wivu na anune sasa, maana yaliyofuata Buyenzi itayasimulia mpaka kiyama. Mwaka 2001 wimbo ule uliwasha moto. Brussels ulikaa kileleni wiki tisa. Paris, Abidjan, Montréal, hata Osaka ambako hakuna aliyejua neno la Kiswahili, watu walijazana kwenye kumbi wakisubiri mapigo manane ili wapayuke "Niko!" kwa lafudhi za kuchekesha. Miaka ile jina la Burundi lilitajwa kwenye redio za dunia likifuatana na hesabu ya maiti. Sasa mtangazaji alilitaja, na baada yake yakaja matari. Mtaani, watu wa kila kabila walilisikia wakanyoosha shingo. Asiya alipanda ndege hadi nchi kumi na mbili na kupewa tuzo, sahani ya dhahabu ndani ya kioo. Bibi Mwanne aliitundika jikoni juu ya masufuria, akidai sebuleni itaibiwa.

Alifurahi, na afurahi vipi tena mtu? Jioni ya kwanza Brussels, watu elfu nne walipomjibu kwa mpigo, alilia jukwaani kwa furaha na hakuona haya. Lakini kadiri safari zilivyoendelea, kitu kilianza kumkereketa. Wimbo ulifika kila mahali, kama alivyoomba. Lakini kila mahali ulipofika, kila mtu alikuwa Houda. Kama dada yake angesimama katikati ya kelele zile na kuitika, nani angemsikia?

Na kosa kubwa alilifanya mwenyewe. Mwandishi wa gazeti la Brussels alimuuliza, kwa upole wa wale wanaojua kuuliza, dada yake alikuwa akitoa lawama gani harusini. Asiya amechoka, ameshiba, moyo umelainika, akasema. Houda alikuwa na lawama moja tangu utotoni: "Niko, na ndala yangu uliacha ku Ntahangwa!" Maana kweli walipokuwa wadogo, Asiya alizivaa ndala zake mtoni na kurudi pekupeku. Alisimulia, akacheka, ikaandikwa. Wiki mbili baadaye, Lyon, umati mzima ulipayuka ndala kwa sauti moja. Ile ndiyo alama pekee ambayo ingemtambulisha dada yake, na alikuwa ameigawa bure gazetini. Usiku ule hotelini aliupiga mto ngumi kwa hasira.

Barua nazo zikamiminika. Houda wa Bouaké, Houda wa Marseille, Houda mmoja aliyetuma picha akiwa na ndevu. Wote walidai ndala. Zilizokuja Buyenzi zilijaza magunia mawili jikoni. Mjomba Twalibu alisoma mia mbili za kwanza kwa moyo mmoja, kisha akavua miwani, akasema haki ya Mungu haendelei tena.

Mwaka 2002 Asiya alirudi kuimba nyumbani. Uwanja wa mpira wa mjini, Jumapili saa nane mchana ili watu wawahi kurudi, tiketi zikaisha siku mbili. Redio zilitangaza hadi ng'ambo ya ziwa. Jumamosi Bibi Mwanne alimwita jikoni, akamkalisha chini ya sahani ya dhahabu.

"Mwanangu, miaka saba sasa. Mi nimezeeka. Sitaki kufa nikiacha mutoto wangu anaitwa na dunia nzima kama mupira. Kesho umwite mara ya mwisho. Akikosa kuitika, Ijumaa tunamusomea khitima, na tunamujibia kama marehemu."

"Bibi, mi siwezi."

"Unaweza. Mimi nimemujibia mama yako. Inauma, lakini unaweza." Bibi alimshika shavu asimwachie upesi, na Asiya akajua kwamba amri ile haikumgharimu kidogo. Alikubali kwa kichwa.

Jumapili uwanja ulifurika. Watu wa Gihosha waliketi na watu wa Kinama, mitaa iliyotenganishwa na vita vya kikabila, jambo ambalo miaka ile halikutokea hivihivi, askari wakakaa juu ya kuta na bunduki magotini wakitikisa vichwa kwa ngoma. Asiya alivaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe. Akina mama wale saba walikuwa nyuma yake, Bibi Mwanne kigodani, Ilias kwenye mitambo iliyokuwa ghali kuliko mtaa wake wote. Wimbo ulipoanza, ardhi ilitikisika. Bibi akaitika na kulaumu chai, watu wakamshangilia mpaka akajisahau na kupunga mkono. Mama akarehemewa na watu elfu kumi na tano. Twalibu hakuwa safarini siku ile. Alisimama mwenyewe na kulalamikia barua.

Kisha Asiya akainua mkono. Matari yakashuka, yakabaki ya chini kabisa.

"Watu ya kwetu," alisema, "munisikie. Dunia yote imenijibia. Nashukuru, tena sana. Lakini leo naomba kitu moja. Nikiita, kama we si Houda, unyamaze. Ata mutoto mumufunge mudomo. Munipe nafasi yangu."

Minong'ono ikapita, ikatulia. Umati uliokuja kupayuka ulikuwa umeombwa kitu kigumu kuliko kulipa tiketi. Méthode, pembeni ya jukwaa, alikuwa ameshika kichwa.

"Houda!"

Mapigo manane. Watu elfu kumi na tano, na ungesikia kikohozi upande wa pili. Hakuna jibu.

"Houda!"

Manane tena. Mama mmoja mstari wa mbele alikuwa anabubujikwa machozi, kiganja mdomoni. Mle uwanjani hakukuwa na nyumba isiyokuwa na mtu wa kuitwa namna ile, na kila mmoja alikuwa na wake kooni. Hakuna jibu. Asiya alimgeukia bibi yake. Bibi Mwanne alikuwa ameshaanza kuinua viganja vyake kwa dua. Alimwonyesha kidole kimoja: bado mara moja.

Asiya hakuliimba tena jina lile. Aliliita tu, kama alivyoliita barazani zamani chakula kikiwa tayari.

"Houda, we!"

Pigo la kwanza, la pili, la tatu. Na kutoka langoni, nje ya uzio wa chuma, ikaja sauti ya mwanamke iliyopasuka kwa kupiga kelele.

"Niko! Na robe yangu ya Idi uliunguza na pasi, ukasema ni panya!"

Asiya akakaa chini palepale jukwaani.

Kwa maana jambo lile hakulijua mtu. Houda alikuwa na miaka kumi na saba, na gauni jipya la manjano. Asiya, kumi na mitatu, aliliiba kidogo kulipiga pasi ya mkaa ili alijaribu, likaungua mgongoni ukubwa wa kiganja. Akachukua mkasi, akalikatakata lile tundu pembeni kama alama za meno, akalirudisha sandukuni, na asubuhi ya Idi akapiga yowe la panya. Mama yao aliweka sumu, paka wa jirani akafa. Asiya akaanza kujifunza kushona, akikusudia siku moja amshonee dada yake jingine bila kusema kwa nini. Hakusema hata kwa bibi, hata kwa mwandishi wa Brussels. Na Houda, kumbe, alijua siku zote, akamsitiri, akalaumu ndala.

"Ni yeye!" Asiya alipiga kelele kwenye mikrofoni. "Mufungue! Njo yeye! Panya ni mi!"

Uwanja haukuelewa habari ya panya, ila ulielewa mengine yote. Sauti iliyopanda pale ilisikika hadi bandarini. Walinzi waliokuwa wakimcheka tangu saa sita, wakimwambia leo yeye ni Houda wa kumi na nane, walifungua lango. Akaingia mwanamke mwembamba, ndala miguuni, kitenge cha Zambia kiunoni, kinachonuka ndagala, wale dagaa wakavu wa ziwani. Alivuka uwanja wote kwa miguu yake na watu wakimpisha.

Baadaye walijua yote. Kwamba alizunguka Fizi na Kalemie miaka mitatu, akaambiwa kwao wamekwisha wote, akaamini. Kwamba alikuwa akiuza ndagala Mpulungu, kule Zambia mwisho wa ziwa, kaseti ya kwanza ilipofika, na humo akamsikia bibi yake akilaumu chai, ndipo akajua wako hai. Kwamba kila harusi ya Mpulungu aliitika kwa machozi na watu wakacheka, maana nani hakuwa Houda? Njia zilikuwa za vita na nauli hakuwa nayo, basi akatuma barua mbili kwa mkono wa mabaharia. Zilikutwa zimelala kwenye gunia la pili, hazijafunguliwa. Aliposikia redioni kwamba Asiya ataimba nyumbani, alidandia mashua iliyobeba saruji, akafika asubuhi ileile.

Lakini hayo ni ya baadaye. Wakati ule alikuwa amepanda jukwaani, na Bibi Mwanne alikuwa amemkamata shingo hataki kumwachia, akimwita mwizi wa machozi yake na majina mengine matamu. Akina mama walikuwa bado wanapiga matari. Wimbo haujaisha, na ngoma ya harusi haikatwi katikati.

Houda alijichomoa mikononi mwa bibi. Alijifuta uso kwa kitenge, akamnyang'anya mdogo wake mikrofoni kwa namna ambayo dada wakubwa pekee ndio wanaijua, na uwanja mzima ukanyamaza bila kuombwa. Lilikuwa limebaki jina moja, lile ambalo kwenye kaseti halimo, ambalo Osaka na Montréal hawakuwahi kulisikia likiitwa.

"Asiya!" akaita.

Mwanamke aliyeitwa na nchi kumi na mbili alisimama. Alitafuta lawama, maana desturi ni desturi, na kifuani mwake hakukuwa na nyingine.

"Niko," alisema, "na we umekawia."